Harrier 2WD ya kila siku: ninyanyue, nibadili tairi, au niache?

Msomaji wa Goba, Dar es Salaam, ameandika: "Nina Harrier tako la nyani ya lita 2.4, 2WD. Kila siku natoka Goba kwenda Posta, na kipande cha kwanza ni barabara ya vumbi yenye mawe na mifereji ya mvua. Gari linagonga chini, hasa nikiwa na watoto na mizigo. Fundi anataka kulinyanyua inchi mbili kwa spesa, aweke tairi za A/T na ngao mbele. Kaka yangu ana seti ya rimu 20 anataka kunipa. Desemba tunakwenda Lushoto. Nianze na nini, na kipi hakifai?"

Dada, gari lako halikutoka kiwandani likigonga chini. Kizazi hicho cha Harrier kilianza kuuzwa Japani mwaka 2003 na kikafikia mwisho mwaka 2013, kwa hiyo hata lile changa kabisa kati ya hayo limeshapita miaka kumi. Muda wote huo springi zake zimebeba uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, mchana na usiku, hata likiwa limeegeshwa. Springi hulala taratibu na mwenye gari hashtuki, kwa sababu analiona kila siku. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari ya kunyanyua, tujue kwanza limeshuka kiasi gani na kwa nini. Ukiweka spesa, yaani kipande kigumu cha kunyanyulia gari, juu ya springi iliyochoka utapata gari refu lililochoka, na kugonga kutaendelea.

Nenda kaangalie mambo mawili mwenyewe, hayahitaji fundi. La kwanza, unaposema linagonga chini, je, ni tumbo la gari linalokwaruza ardhi au ni mshindo unaotoka miguuni? Inama uangalie kava la plastiki chini ya injini, bomba la ekzosi na kingo za chini chini ya milango. Kukwaruza huacha alama: michubuko mipya, plastiki iliyomeguka, ekzosi iliyobonyea. Kama alama hizo hazipo, basi unachosikia ni mguu unaofika mwisho wa safari yake. Kwenye kila shokapu, juu ya fimbo yake, kuna raba ya kugotea. Kazi yake ni kuupokea mguu pale gari linapotumbukia shimoni. Raba hiyo ikizeeka humeguka vipande na kudondoka, na baada ya hapo chuma kinakutana na chuma. Mshindo wake unafanana kabisa na wa gari linalopiga ardhi, na watu wengi wamenyanyua magari yao kwa sababu ya kipande hiki cha raba ambacho bei yake ni ndogo kuliko tairi moja.

La pili, tafuta sehemu tambarare asubuhi, gari likiwa tupu, upime kwa futi kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Pima magurudumu yote manne na uandike. Upande mmoja ukiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja, springi ya upande huo imelala au imekatika pete ya mwisho. Kisha ingiza mkono nyuma ya kila tairi upapase ukingo wa ndani. Gari lililoshuka husababisha tairi kuinamia ndani upande wa juu, na tairi inaliwa ndani huku nje ikionekana nzima. Kwenye Harrier hili tairi za nyuma ndizo zinazoumia kimyakimya, kwa sababu mguu wa nyuma umeshikwa na mikono mirefu yenye bushi kadhaa, na bushi hizo zikilegea gurudumu halikai tena palipokusudiwa.

Baada ya hapo ndipo umpelekee fundi aangalie shokapu zinazovuja mafuta, mauntingi za juu, bushi kubwa ya nyuma ya wishiboni (mkono wa chini wa mguu wa mbele), bolijointi, stabilaiza linki na tairodi (fimbo za usukani). Ushauri wangu, na huu ndio mzizi wa jibu lote: fedha uliyotenga kwa ajili ya spesa, ngao na mapambo mengine, itie kwanza kwenye miguu hiyo. Springi mpya nne, shokapu mpya nne (au angalau mbili za mbele sasa na mbili za nyuma baadaye, kamwe si moja moja), raba za kugotea mpya, mauntingi mpya, na bushi zilizokufa zibadilishwe zote kwa pamoja ili usilipie ufundi mara tatu. Shokapu za mtumba sizipendekezi hata kwa bei ya kutupa. Zimetoka kwenye gari la umri uleule na hakuna anayejua zilibeba nini. Springi za mtumba vilevile.

Kabla ya kununua chochote, soma herufi za chesesi. Lako likiwa 2WD la lita 2.4 linapaswa kuanza na ACU30. ACU35 ni la 4WD, na baadhi ya vipande vya nyuma havilingani. Angalia pia kama lina beji ya AIRS. Magari hayo yalitoka na mito ya upepo badala ya springi za chuma, na mto unaovuja husababisha gari kukaa chini usiku na kunyanyuka ukiwasha. Hilo ni tatizo jingine kabisa, na tiba yake ni nyingine.

Mara nyingi kazi hii peke yake hurudisha sentimita moja au mbili zilizopotea, wakati mwingine zaidi, na kugonga kwa kila siku kunakwisha. Ukiona bado hutosheki, nunua springi zilizotengenezwa zikiwa ngumu na ndefu kidogo kuliko za kiwandani, zile zinazoongeza kati ya milimita 20 na 30. Kwa gari linalobeba watoto, mizigo na kupita barabara mbaya kila siku, hizo zina manufaa mawili: zinanyanyua, na gari likijaa halishuki sana. Ubaya wake ni kwamba likiwa tupu litakuwa gumu kidogo kwenye matuta. Binafsi ningekubali ubaya huo.

Sasa inchi mbili za fundi wako. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo gari linapoharibika.

Harrier lako linavuta kwa tairi za mbele. Nguvu inatoka giaboksi kwenda magurudumuni kupitia shafti mbili fupi, kila moja ikiwa na sivi jointi (kiungo kinachojikunja huku kikizunguka) ya ndani na ya nje. Shafti hizo zilipangwa zikae karibu na mlalo. Ukiinua bodi, injini na giaboksi vinapanda pamoja nayo lakini magurudumu yanabaki ardhini, kwa hiyo shafti zinaanza kuteremka kwa mteremko mkali. Jointi zinafanya kazi zikiwa zimekunjwa hata unapotembea kwenye lami iliyonyooka. Utaanza kusikia mtetemo unapokanyaga mafuta ukiwa unaondoka, halafu buti za raba zinachanika kwa sababu mikunjo yake inasuguana, grisi inamwagika, vumbi la Goba linaingia, na baada ya muda kila ukikata kona utasikia ka-ka-ka-ka.

Spesa inayowekwa juu ya shokapu ina tatizo lake jingine. Haiongezi urefu wa safari ya mguu. Inausukuma mguu mzima chini. Spesa ya milimita 50 ina maana kwamba gurudumu likining'inia, tuseme upande mmoja umetumbukia mtaroni, linashuka milimita 50 zaidi ya kile ambacho mtengenezaji alikiruhusu. Hapo kinachovutwa ni bolijointi, hosi ya breki, waya wa ABS na jointi ya ndani ya shafti. Springi ndefu haina shida hiyo, kwa kuwa shokapu yenyewe bado ndiyo inayoamua gurudumu liishie wapi. Ndiyo maana nikilazimika kuchagua, nachagua springi.

Kuna na jambo la usukani. Mguu wa mbele wa gari lako umeshikwa na wishiboni chini na shokapu juu. Ukiliinua, wishiboni inateremka, inavuta sehemu ya chini ya tairi kwenda ndani, na tairi inalala nje upande wa juu. Tairodi nazo zinapoteza mlalo wake, hivyo kila ukikanyaga tuta usukani unajivuta wenyewe kidogo. Kwenye Barabara ya Morogoro, basi linakupita kwa kasi na upepo wake unakusukuma, hicho kidogo unakisikia sana. Uzito wa gari nao umepanda juu, wakati upana wake umebaki uleule, na wewe nyuma una watoto.

Kwa hiyo mpaka wangu kwa Harrier la 2WD la matumizi ya kila siku ni milimita 30 juu ya urefu wa kiwandani, si juu ya urefu wa leo lililolala. Kama itabidi spesa itumike, iwe ya milimita 20 hadi 25, ya alumini au plastiki ngumu iliyochongwa kwa vipimo, ikae juu ya mauntingi na ifungwe kwa bolti zake ndefu. Zile raba zinazochomekwa katikati ya pete za springi zikatae. Zinaua kazi ya pete mbili tatu, mzigo wote unahamia kwenye pete zilizobaki, na springi inakatika. Kipande cha bomba kilichochomelewa gereji kikatae pia, hata kama fundi ni ndugu yako.

Ukishanyanyua, hata milimita 20 tu, gari liende moja kwa moja kwenye wili alaimenti ya kompyuta, yaani kupanga mielekeo ya magurudumu. Mlalo wa tairi za mbele hausahihishwi kwa tairodi peke yake. Kuna bolti maalumu za kurekebisha zinazoingia pale shokapu inapofungwa kwenye stabu ekseli (kipande kinachobeba gurudumu), na fundi asiyezijua atakurudishia gari lililonyooka usukani lakini linalokula tairi.

Tairi ndizo zinazofuata, na hapa fundi wako yuko karibu na ukweli kuliko kwenye spesa. Harrier la 2.4 kwa kawaida lilikuja na 225/65R17. Tairi hiyo ina kipenyo cha milimita 724 hivi na ukuta wa milimita 146. Rimu 20 za kaka yako huvalishwa 245/45R20. Kipenyo chake ni milimita 728, karibu sawa, lakini ukuta umebaki milimita 110. Umepoteza sentimita tatu na nusu za raba na upepo, zile zilizokuwa zinameza ncha ya jiwe kabla haijafika kwenye rimu, na nafasi chini ya gari haijaongezeka ila kwa milimita mbili. Rimu kubwa pia ni nzito, na uzito ulio kwenye gurudumu shokapu haiwezi kuukwepa. Inabidi iupandishe na kuushusha kwenye kila shimo. Mshukuru kaka, umwambie aziuze. Kwa barabara yako zingepasuka au kupinda ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Baki kwenye rimu 17. Ukitaka kuongeza kidogo, 235/65R17 inakupa kipenyo cha milimita 737, yaani gari linapanda milimita sita na nusu. 225/70R17 ina milimita 747, inapanda milimita 11. Zaidi ya hapo sikushauri. 245/65R17 ambayo wengi huitamani ina milimita 750. Ukikata kona kali huku mguu umekandamizwa inaweza kusugua plastiki ya ndani ya fenda, na spidi mita inadanganya kwa asilimia tatu na nusu. Ukiona 50 kwenye dashibodi kumbe uko karibu 52, na askari wa tochi hatakuuliza umefunga tairi gani. Kipenyo kikiongezeka gari linakuwa zito kuondoka na zito kusimama vilevile, kwa sababu giaboksi na breki hazikubadilika. Hilo giaboksi lako la gia nne halina gia ya akiba ya kufidia.

A/T (tairi ya njia zote) au H/T (tairi ya lami)? Pima kilomita zako. Kutoka Goba hadi Posta na kurudi, sehemu kubwa ni lami, na kipande chako cha vumbi ni kifupi. Tairi ya A/T yenye meno makubwa itakupigia kelele kwenye lami yote hiyo, itakunywesha mafuta zaidi, na kwenye lami yenye maji, nyingi ya tairi hizo hazishiki vizuri kama H/T nzuri. Kinachokuumiza Goba ni mawe, hivyo unachohitaji ni ukuta mgumu kuliko meno marefu. Chagua H/T ya kampuni inayoeleweka, au A/T ya meno madogo kama unapenda muonekano wake. M/T, zile za matope, si za gari hili.

Unaponunua, soma pembeni mwa tairi. Namba ya uzito iwe 102 au zaidi. 102 maana yake tairi moja inabeba kilo 850. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2324 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi "mpya" iliyokaa stoo miaka sita usiichukue, hata kama meno yake yanang'aa. Na ukiwa na fedha ya tairi mbili tu, mbili hizo mpya zifungwe nyuma. Najua kila mtu atakwambia zifungwe mbele kwa kuwa ndiko gari linakovuta. Lakini tairi kipara nyuma kwenye lami yenye maji ndiyo inayozungusha gari ghafla, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Za mbele zikiteleza, gari linanyooka tu, ukipunguza mafuta linarudi mkononi.

Upepo ufuate stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Vijana wa vibanda vya tairi wanapenda kujaza 40 ili tairi "ikae vizuri". Ikijaa hivyo inakuwa ngumu kama gogo, kila jiwe linaingia moja kwa moja kwenye bushi ulizolipia juzi, na katikati ya tairi kunaliwa haraka. Pima asubuhi kabla hujatembea. Na usikubali zile spesa za kusukuma magurudumu nje ili gari lionekane limetanuka. Zinaongeza mzigo kwenye beringi na kuubadilisha usukani. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, niutoni-mita 103, halafu zikaguliwe tena baada ya kilomita mia moja hivi.

Taa hukuuliza, lakini kwa anayerudi Goba usiku ni muhimu kuliko ngao. Anza kwa kusugua na kung'arisha vioo vya taa vilivyogeuka njano. Mwanga unaorudi unashangaza. Baadhi ya Harrier zilitoka na zenoni za kiwandani zenye lenzi ya mviringo. Hizo acha zilivyo, badilisha balbu tu zikififia. Kama zako ni halojeni, usitie balbu za zenoni wala LED za mtaani ndani ya kikombe kilichochongwa kwa ajili ya halojeni. Mwanga unatawanyika juu, unawapofusha wanaokuja, na wewe unaona karibu kuliko mwanzo ingawa mbele ya bampa kunameremeta. Ukihitaji nyongeza, funga taa mbili za chini zenye mwanga mpana, wati 55 kila moja. Mbili zinavuta kama ampea tisa, kwa hiyo ziwe na rilei yake, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na waya mnene. Fundi umeme akitaka kuzidandia kwenye waya wa taa za kawaida, mfukuze. Moto wa gari huanza hapo.

Ngao mbele sikubaliani nayo. Ya chuma huongeza makumi ya kilo kwenye pua ya gari ambalo tayari lina injini na giaboksi mbele, yaani juu ya springi na shafti zilezile tulizokuwa tunazihurumia. Bampa la gari lako limetengenezwa likunjike ili nguvu ya ajali iishie kwenye mabati kabla haijafika kwenu, na mikoba ya hewa imepangwa kwa mkunjo huo. Chuma kigumu kilichofungwa kwenye fremu kinapeleka kishindo ndani na kinaweza kubadili wakati mikoba inapofunguka. Na akigongwa mtoto anayevuka barabara, bampa la plastiki linampa nafasi ambayo chuma hakimpi.

Kama unataka chuma, kiweke chini. Bati la alumini au chuma la milimita tatu, lililofungwa kwenye fremu ndogo ya injini mahali pa lile kava la plastiki, litalinda sampu ya oili na giaboksi dhidi ya mawe ya Goba. Liwe na matundu ya kutolea joto na maji, na tundu la kumwagia oili bila kulifungua lote. Usilikubali likifungwa kwenye injini au giaboksi lenyewe. Injini inacheza kwenye mauntingi zake, na bati litatetemesha gari zima.

Keria juu? Kwa safari moja ya Desemba, kodi au azima, usiiache juu mwaka mzima. Mzigo wa juu ni wa mabegi na magodoro, si magunia. Kikomo cha uzito kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Snokeli haina kazi kwenye gari hili. Ukikuta maji yamejaa Jangwani na yanapita kitovu cha gurudumu, geuza au subiri, kwa sababu injini ikivuta maji haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, na koneki rodi (fimbo ya pistoni) inapinda. Likizimika ndani ya maji usijaribu kuwasha. Lisukumwe nje, plagi zifunguliwe kwanza, oili za injini na giaboksi ziangaliwe kama zimekuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Ukishafunga tairi na springi, kabla ya Desemba badilisha mafuta ya breki kama yamepita miaka miwili, angalia unene wa pedi, na mafuta ya giaboksi yawe T-IV yaliyotajwa na mtengenezaji, wala si "haidroliki nyekundu" yoyote iliyo kwenye rafu. Rejeta iwe na kulanti, isiwe na maji ya bomba. Gari la lita 2.4 likiwa limejaa watu linapanda mlima kwa kujikaza, na joto la giaboksi ndilo linaloliua.

Lushoto kwenyewe usiogope. Kutoka Mombo kupitia Soni ni lami, nyembamba, yenye kona moja baada ya nyingine. Hapo hakuna anayehitaji 4WD. Kupanda, usiliache giaboksi libadilishe gia huku na huko. Liweke gia ya chini litulie. Kushuka ni muhimu zaidi: gia ya chini tangu juu, injini ikamate gari, breki uziguse na kuziachia. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha pembeni zipoe, usizimwagie maji. Piga honi kwenye kona zisizoonekana, kila mtu huko hufanya hivyo.

Kuendelea mbele ya Lushoto, kuelekea Mtae kwa mfano, ni hadithi nyingine. Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, na udongo mwekundu wa milima ile ukilowa unateleza sana. Hakuna springi wala tairi inayofanya 2WD kuwa 4WD. Difu yako ni ya kawaida: gurudumu moja likikosa mshiko linazunguka lenyewe, mwenzake anasimama. Na ukipanda mlima uzito unahamia nyuma, unaziacha tairi zako zinazovuta zikiwa nyepesi pale unapozihitaji. Ndiyo maana madereva wa zamani wa magari madogo walikuwa wanapanda vilima vya matope kwa rivasi, na fizikia inawaunga mkono, ila si kwenye ukingo wa korongo ukiwa na familia. Mvua ikiwa imenyesha, acha gari mjini ukodi la wenyeji. Kuna watu watakushauri ununue difu ya nyuma ya mtumba uligeuze gari kuwa 4WD. Utahitaji giaboksi jingine, shafti ya katikati, fremu ndogo ya nyuma, hadi tangi la mafuta la umbo jingine. Kwa fedha hiyo uza hili ununue ACU35.

Kuhusu karatasi: kama una bima kubwa, waandikie kampuni kabla ya kunyanyua, hata iwe milimita 25, upate jibu lao kwa maandishi. Springi za vipimo vya kiwandani na tairi za saizi ya stika hazina maneno. Spesa na tairi kubwa ndizo ambazo mkaguzi wa ajali atazipiga picha.

Na fundi wako usimwache kwa sababu tu nimempinga kwenye inchi mbili. Muulize maswali matatu: baada ya kunyanyua shafti zitakaa kwa mlalo gani, hosi za breki zitabaki na ulegevu kiasi gani gurudumu likining'inia, na alaimenti itafanyika wapi. Anayejua kazi atalipandisha gari kwenye lifti akuoneshe kwa mkono. Dai upewe karatasi ya alaimenti iliyochapishwa kabla na baada, yenye namba za magurudumu yote manne, uitunze kwenye droo ya gari. Miezi sita baadaye tairi zikianza kuliwa upande, karatasi hiyo ndiyo fundi yeyote atakayoanza nayo.